Chungu cha Kisi kwenye ragu ya Bologna: kinafaa, ila kina masharti yake

Ragu ya Bologna, ule mchuzi mzito wa nyama wa Kiitaliano unaokaa kwenye moto mdogo saa tatu na zaidi, unataka chombo kisicho na haraka. Wengi wa Nyanda za Juu Kusini huupikia kwenye sufuria nyepesi ya alumini, halafu ukishika chini wanamlaumu muuza nyama. Wakati huohuo vyungu vya Wakisi, watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, vinapandishwa kutoka Matema hadi Tukuyu na Mbeya, na wanunuzi wengi wanavipeleka sebuleni vikawekewe maua. Hapa tunakipima chungu hicho kwa kazi moja tu, ragu. Kwenye maharage na makande hakihitaji kutetewa na mtu.

Waitaliano wenyewe wameanzia kwenye udongo. Tarehe 17 Oktoba 1982, Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya mapishi ya Kiitaliano, iliweka rasmi mapishi ya ragu katika chemba ya biashara ya Bologna, na chombo kilichotajwa humo ni chungu cha udongo chenye upana wa kama sentimita 20. Mapishi hayo yalipopitiwa upya tarehe 20 Aprili 2023, upana ukapanda hadi sentimita 24 au 26, zikaongezwa sufuria nzito za aina nyingine, lakini chungu hakikuondolewa.

Chungu cha Kisi kinafinyangwa kwa mkono na akinamama wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, na kinachomwa kwa moto wa wazi. Moto wa wazi haufikii joto la tanuru, kwa hiyo udongo unabaki na vinyweleo. Tabia zake zote, za kusifiwa na za kuudhi, zinatoka hapo. Ukuta wenye vinyweleo unapitisha joto polepole, hivyo kaa likilipuka ghafla chini, mchuzi hausikii papo hapo. Ukishapata moto, unakaa nao. Hauna chuma cha kugombana na uchachu wa nyanya na divai, wala hauna rangi ya kung'aa ndani, ile ambayo kwenye baadhi ya vyombo vya udongo vya viwandani huwa na madini ya risasi. Upande wa pili, chungu hicho kinakunywa maji, kinakunywa mafuta, kinashika harufu, na kikishtuliwa kwa baridi kinapasuka.

Kukichagua

Si kila chungu cha Kisi ni cha jikoni. Chenye shingo nyembamba ni cha maji. Kilichojaa michoro kiache kwenye rafu, rangi ya nje haipendi makaa. Cha ragu kiwe na mdomo mpana karibu sawa na tumbo, kwa sababu mchuzi huu lazima upoteze maji. Mdomo ukiwa mwembamba, mvuke unagonga juu na kurudi ndani, na baada ya saa tatu una supu yenye nyama ya kusaga inayoogelea. Ujazo wa lita 4 hadi 5 unatosha watu 10. Mchuzi usizidi theluthi mbili za chungu, na usiwe chini ya theluthi moja, maana ukiwa kidogo sana unakauka pembeni na kuungua huku katikati bado ni maji.

Kipime hivi kabla ya kulipa. Kishike kwa vidole kikiwa hewani, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinatoa mlio wa wazi unaobaki kidogo. Chenye ufa kinatoa sauti nzito iliyokatika, hata kama ufa hauonekani. Kisha pitisha vidole viwili ukutani, kimoja ndani na kimoja nje, uone kama unene unalingana. Pale ukuta unapokuwa mwembamba ghafla ndipo kitakapopasukia. Mwisho omba maji, ukijaze, ukiweke juu ya kipande cha boksi kikavu kwa dakika kumi. Boksi likipata unyevu wa jumla, hiyo ni kawaida ya chungu kipya. Ukiona mstari au tone linalotoka sehemu moja, mrudishie mama chungu chake kwa adabu.

Bei inapanda kadiri chungu kinavyosafiri. Kwenye soko la Lyulilo jirani na Matema, siku ya Jumamosi, utalipa kidogo kuliko Mbeya, maana muuzaji wa mjini amelipia gari pamoja na vile vilivyovunjika njiani. Ukirudi nacho kwa basi, kijaze nguo ndani na ukipakate. Kwenye buti kitafika vipandevipande.

Kukiandaa

Chungu kipya hakipikiwi ragu siku ya kwanza. Kizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha kiache kivulini siku nzima kikauke. Halafu kinapikiwa uji. Kwa chungu cha lita 4, koroga gramu 150 za sembe kwenye maji baridi lita 2 na nusu, mimina humo chungu kikiwa bado baridi, kiweke kwenye makaa machache, na upandishe moto taratibu kwa nusu saa mpaka uji uanze kutokota. Uache saa moja. Usiumwage ukiwa moto, acha upoe humohumo hadi uwe vuguvugu. Wanga wa uji unaingia kwenye vinyweleo na kuviziba. Mwaga, suuza, kausha, paka mafuta ya alizeti ndani kwa kitambaa.

Kikiendelea kutoa jasho nje, rudia uji. Chakula cha kwanza kiwe maharage yenye mafuta ya kutosha, na cha pili pia. Ragu iwe ya tatu. Ukiwahi, nyanya na divai zinaingia kwenye udongo mbichi na mchuzi unatoka na ladha ya vumbi la mvua ya kwanza, ambayo wengine huipenda kwenye maji ya mtungini lakini kwenye nyama haipendezi hata kidogo.

Moto

Jiko la mkaa ndilo mwenzi wa chungu hiki. Kitako chake ni cha mviringo, kinakaa vizuri kwenye meno ya jiko au kwenye mafiga. Kwenye jiko la gesi kinayumba, na mbaya zaidi, ulimi wa moto unakipiga sehemu moja ndogo chini huku mabega yakiwa baridi. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayopasua udongo, kwa kuwa sehemu yenye moto inatanuka na nyingine haijatanuka. Mwenye gesi tu atafute pete ya chuma ya kukishikilia chungu juu kidogo ya moto na atumie kichomeo kidogo kabisa. Jiko la umeme la bamba bapa lisahau.

Sheria za moto ni chache na hazina msamaha. Chungu kisiwekwe motoni kikiwa kitupu. Kianze na mafuta au kimiminika ndani, juu ya makaa yasiyozidi konzi mbili, na makaa yaongezwe baada ya dakika kumi na tano. Kinachoongezwa ndani kiwe cha moto. Kinapoteremshwa kisikae kwenye sakafu ya saruji, hasa yenye maji. Kiwekee kata ya majani ya migomba au ubao.

Juni hadi Agosti, Njombe, Makete na Mbeya zina upepo wa kukata. Upepo ukipuliza upande mmoja wa chungu, upande ule unapoa na mwingine unachemka, na kishindo chake utakisikia. Kinga kwa bati au tofali, lakini usilihamishie jiko ndani na kufunga mlango. Makaa ya saa tatu na nusu kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu waliokuwa wanaota moto tu. Jiko likae kwenye baraza au jiko la nje lililo wazi.

Nyama na wenzake

Mapishi ya Bologna ya mwaka 2023 ni haya: nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa tundu kubwa gramu 400, nyama mbichi ya tumbo la nguruwe gramu 150, kitunguu, karoti na seleri kama gramu 60 kila kimoja, divai nusu glasi, nyanya zilizochujwa gramu 200, nyanya nzito ya kopo kijiko kimoja, supu, mafuta ya zeituni vijiko vitatu, chumvi na pilipili manga. Maziwa glasi moja ni hiari. Kwa chungu cha lita 4, zidisha kila kitu mara mbili. Angalia nyanya zilivyo chache kulinganisha na nyama. Mchuzi unaotoka mwekundu tii si wa Bologna, ni ndugu yake wa mbali.

Kwenye bucha omba shingo, kidari au nyama ya muundi iliyotolewa mfupa. Usichukue steki wala sarara. Sehemu zilizofanya kazi zina nyuzi nyeupe ngumu, na ndizo zinazoyeyuka polepole kuwa ute unaoupa mchuzi uzito. Sarara haina nyuzi hizo, ikikaa saa tatu inakuwa vumbi kavu. Ng'ombe wa huku amechungwa na kutembea, tena nyama inauzwa siku ileile ya kuchinja, hivyo ni ngumu kuliko anayoizungumzia Mwitaliano na haina mafuta mengi. Saa mbili zinazotajwa Bologna kwetu hazitoshi.

Nyama ya kusaga iliyokwisha kusagwa iache. Mara nyingi imepitishwa kwenye tundu dogo na ikiingia kwenye mafuta inashikana kuwa tope. Mwambie muuzaji asage mbele yako, tundu kubwa, mara moja tu. Kama mashine hana, kata mwenyewe kwa kisu kikali vipande vya nusu sentimita. Inachosha, lakini ragu ya kisu ndiyo bora kuliko zote.

Kitimoto Mbeya si shida, chagua tumbo lenye tabaka la mafuta. Asiyekula atumie gramu 200 za mafuta ya kidari cha ng'ombe, yakatwe madogo na kuyeyushwa kwanza. Usiruke mafuta kabisa ukidhani unapunguza uzito. Bila hayo nyama inakuwa chembechembe na mchuzi hauambatani na tambi.

Nyanya za Ilula, zile zinazopangwa barabarani ukitoka Iringa kwenda Morogoro, ni nzuri lakini ngumu na zina maji mengi. Chagua zilizoiva hadi kulainika, ambazo muuzaji huziweka pembeni na kuzipunguza bei. Kilo moja na robo ikwaruze, ichuje, uichemshe kwenye sufuria nyingine isiyo ya alumini hadi zibaki gramu 400. Usiimimine mbichi kwenye ragu. Maji yake yote yatalazimika kutokea kwenye chungu, na uchachu wake unachelewesha karoti kulainika. Nyanya ya kopo inafaa kwa vile vijiko viwili tu, kwa rangi na uzito. Ukiitumia peke yake utapata mchuzi mtamumtamu wenye ladha ya bati.

Seleri inapatikana kwenye masoko ya mjini, hasa kwa wauzaji wanaolisha hoteli. Isipopatikana, weka bua la liki na majani machache ya giligilani, si nyingi. Hoho isiingie, itavuta mchuzi wote upande wake. Kadhalika tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Mkono utawasha, uzuie.

Divai iwe kavu. Nyingi ya Dodoma inayouzwa madukani ni tamu, na sukari yake haiondoki kwa kuchemshwa, kwa hiyo soma chupa. Asiyetumia kilevi asidanganywe kwamba divai ikichemka kilevi chote kinaisha, kinabaki kiasi. Atumie supu glasi moja yenye vijiko viwili vya siki.

Supu ichemshwe kwa mifupa, bila chumvi, lita moja na nusu, na ikae pembeni ikiwa ya moto muda wote. Vile vipande vya supu vya dukani vina chumvi ambayo mchuzi ukipungua inabaki yote, na saa ya tatu hakuna tena cha kufanya.

Kupika

Kata kitunguu, karoti na seleri vipande vya milimita tatu. Weka kwenye chungu baridi mafuta ya zeituni au alizeti vijiko sita pamoja na nyama ya tumbo iliyokatwa ndogo, kisha weka motoni. Chungu kitachelewa kupata moto, kama dakika kumi na tano ambapo hutaona kitu. Usiongeze makaa kwa hasira. Mafuta ya nyama yakianza kuyeyuka na kulia kidogo, tia mboga na ukoroge kila baada ya dakika mbili. Dakika ishirini na tano baadaye kitunguu kiwe laini, chenye kung'aa na rangi ya dhahabu hafifu. Kikigeuka kahawia, uchungu wake utabaki hadi mwisho.

Sasa kwenye nyama, na hapa chungu kinashindwa waziwazi. Nyama ya kusaga ikitiwa humo inatoa maji, na udongo hauna nguvu ya kuyakausha haraka. Maji yakiwepo, joto haliwezi kupita kiwango cha kuchemka, ilhali nyama inahitaji kama nyuzi 140 ili igeuke kahawia na kutoa ile harufu ya kuchoma. Matokeo yake ni nyama ya kijivu iliyochemshwa, na hakuna saa tatu zitakazoirekebisha. Ukilazimisha kwa kurundika makaa, chungu kinapasuka. Kwa hiyo lazima uwe na kikaango kizito cha chuma pembeni. Kipashe moto hadi kianze kufuka, paka mafuta kidogo, tandaza nyama robo kilo kwa wakati, usiiguse dakika tatu, geuza, dakika mbili tena, hamishia chunguni. Ukiweka nyama yote kwa mkupuo umerudi kulekule kwenye kuchemsha.

Baada ya fungu la mwisho, mimina divai kwenye kikaango na ukwangue kwa mwiko lile gamba la kahawia lililoshika chini. Divai ichemke hadi ipungue nusu na harufu kali ya kilevi ikatike puani, ndipo uimimine kwenye chungu. Kwa njia hii divai baridi haigusi udongo wenye moto. Fuatisha nyanya nzito, uikaange na mafuta dakika mbili, kisha nyanya zilizochujwa zikiwa za moto, na vikombe viwili vya supu.

Kuanzia hapa kazi inakuwa ya makaa. Funika nusu, mwiko ukiwa umelazwa mdomoni ili mfuniko usizibe. Mchuzi utokote povu mojamoja, likipasuka hapa, jingine linainuka pale baada ya sekunde. Povu zikishindana, ondoa makaa mawili. Koroga kila robo saa kwa mwiko wa mbao, ukigusa kitako. Upawa wa chuma unachubua udongo na kuacha mchanga kwenye meno ya walaji. Mchuzi ukianza kuonyesha chini unapokoroga, ongeza supu ya moto nusu kikombe.

Mwinuko nao una neno lake. Iringa, Mbeya na Njombe ziko kati ya mita 1,500 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hadi 95. Kule ziwani chungu kinakotoka, kwenye mita 475 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 98. Upungufu huo mdogo wa joto unachelewesha nyuzi ngumu za nyama kuyeyuka. Tenga saa tatu na nusu Mbeya, na Njombe uongeze nusu saa. Kinachoamua si saa, ni nyama. Chukua punje moja, ibonyeze kwa vidole viwili. Iliyoiva inatawanyika kuwa nyuzi laini bila kurudi, na pembeni ya mchuzi kunakuwa na mkufu wa mafuta ya rangi ya kutu. Punje ikirudi kama mpira, endelea.

Maziwa yanaingia kwenye nusu saa ya mwisho, wakati mchuzi umeshaanza kuwa mzito. Yawe maziwa halisi yenye mafuta yake, yaliyochemshwa na yakiwa bado ya moto, robo kikombe kwa mara, yakoroge yapotee ndipo uongeze. Ukiyamimina yote mara moja kwenye uchachu wa nyanya yanakatika na kuacha chembe nyeupe. Mgando hautumiki. Wapo wanaoruka maziwa, na mapishi yenyewe yanawaruhusu, lakini kwa ng'ombe wetu wa kuchungwa yanasaidia sana, yanatuliza uchachu na kuilainisha nyama kavu. Chumvi, pilipili manga na, ukitaka, kungumanga ya kukwaruza kidogo, vije sasa.

Kisha kitoe chungu motoni dakika kumi kabla ya kuridhika kabisa. Hiki ndicho wageni wa chungu wasichokitarajia. Kitaendelea kutokota juu ya kata, na asiyejua anakuta mchuzi umekauka mbele ya wageni wa chakula.

Sufuria nyingine kulinganisha

Alumini nyepesi inapoteza kwa kila kipimo. Inashika chini ndani ya dakika chache, na nyanya iliyokaa humo saa tatu inatoka na ladha ya chuma huku sufuria ikibaki na madoa. Sufuria nzito ya chuma iliyopakwa enameli ndiyo pekee inayokishinda chungu, kwa sababu unakaangia na kuchemshia humohumo, ila kuipata huku ni shida na bei yake haicheki. Sufuria ya presha inalainisha nyama kwa dakika arobaini, na kwa mwenye umeme wa shida ni mkombozi, lakini haipunguzi maji. Ukiitumia, weka supu nusu ya kipimo, kisha fungua na utokose wazi dakika arobaini nyingine. Ladha inakaribia, unene haufiki.

Kwa hiyo nunua chungu kama una jiko la mkaa, kikaango cha chuma na mchana mzima. Kama unapikia gesi tu na unarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, presha itakufaa zaidi na chungu kitakuudhi.

Cha kulia nacho

Bologna wanakula ragu kwa tagliatelle, tambi bapa za mayai: unga wa ngano gramu 100 kwa yai moja, unakandwa dakika kumi, unapumzishwa nusu saa, unasukumwa kama chapati nyembamba sana na kukatwa riboni ambazo zikiiva zinafikia milimita 8. Tambi nyembamba za pakiti haziwezi kubeba mchuzi mzito, unateleza na kubaki kwenye sahani. Makaroni yenye mashimo yanafaa zaidi. Kwa mwinuko wetu tambi kavu zinazidi muda ulioandikwa kwenye pakiti kwa dakika mbili au tatu, hivyo onja badala ya kutazama saa. Chumvi gramu 10 kwa lita ya maji. Acha kikombe cha maji hayo, changanya tambi na ragu motoni dakika moja, ukiyatia kidogokidogo.

Ugali nao haukatazwi. Kaskazini mwa Italia wanasonga unga wa mahindi wa njano, wanauita polenta, na ragu inakaa juu yake bila mtu kulalamika. Ugali wa dona uliosongwa laini kuliko kawaida unaibeba vizuri kuliko tambi mbovu.

Jibini ya kukwaruza juu iwe ngumu na iliyokomaa. Njombe kumekuwa kukitengenezwa jibini za mtindo wa Kiitaliano, kwenye kiwanda cha maziwa kilichosaidiwa na CEFA, shirika lililoanzishwa Bologna mwaka 1972. Ulizia iliyokaa muda mrefu zaidi. Mozzarella, jibini laini, ni tamu kwa kazi yake, lakini juu ya ragu ya moto inavutika nyuzi na kumvurugia mlaji uma.

Usafi

Ragu isilale kwenye chungu. Ikipoa, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko. Kwenye friji inakaa siku tatu, kwenye friza miezi mitatu, na siku ya pili ni tamu zaidi. Chungu kijaze maji ya moto kikiwa bado vuguvugu, kiache nusu saa, kisugue kwa brashi ya katani na chumvi. Sabuni usitumie, inaingia kwenye vinyweleo na kujitokeza kwenye chakula kinachofuata. Kikaushe kivulini siku nzima, mdomo ukiangalia chini juu ya vijiti viwili ili hewa ipite, na ukihifadhi bila mfuniko, vinginevyo ukungu unaota ndani.

Kama kimekaa mwezi na kinanuka mafuta yaliyochacha, chemsha humo maji matupu mara mbili, ukianza na maji baridi kila mara na chungu kikiwa kimepoa kabisa. Harufu ikibaki, kihamishie kwenye makande. Ufa mwembamba kama unywele usiofika chini unazibika kwa uji mzito wa sembe uliopikwa humohumo, na chungu kitadumu miezi kadhaa. Ufa unaovuja kwenye kitako hauzibiki, na chungu hicho kisirudi tena juu ya makaa, hasa kikiwa na lita mbili za mafuta na nyama ya moto ndani.